Ugali wa Kukhu Namalwa

Chapati za kwanza zilikuwa zimeisha, na Rahab alikuwa akisukuma zile za watu wa mjengo, vibarua wa ujenzi, wakati Abby alipotokea getini akiwa amebebwa mgongoni na yule mwanamke. Mtoto wa miaka mitano, mwenye miguu yake, anabebwa kama aliyezaliwa jana. Na anacheka.

"Cucu, nimemaliza uji yote," Abby akaita.

"Vizuri, mami," Rahab akasema, macho kwenye kibao.

"Uji ya Kukhu ni tamu kuliko yako."

Namalwa akamfinya mtoto mguu kidogo. "Wacha hiyo maneno. Cucu yako pia anajua kupika." Alisema kwa upole, na huo upole ndio uliomuuma Rahab kuliko tusi.

Namalwa ndiye mama yake Mercyline, na Mercyline ameolewa na Kamande, mtoto wa Rahab. Abby ni binti yao, anayemwita nyanya mmoja Cucu kwa Kikuyu na mwingine Kukhu kwa Kibukusu. Alikuja Kiamunyi kutoka Bungoma baada ya daktari wa hospitali ya serikali kusema kwamba tumbo la Abby haliwezi ngano. Si minyoo, kama walivyodhani mwaka mzima. Ni ngano. Mkate, mandazi ya kanisani, chapati. Daktari alisema mtoto anunuliwe unga maalum, na Kamande akaenda kuutafuta supamaketi. Aliukuta rafu ya juu, karibu na chakula cha mbwa. Akasoma bei, akaurudisha, akarudi nyumbani mikono mitupu.

"Hiyo ni bei ya Milimani," alisema.

Mercyline, ambaye hufua nguo za watu hukohuko Milimani, akasema ni kweli, unga huo ameuona kwa tajiri wake, mifuko imepangwa kabatini. Na katika nyumba ile hakuna mgonjwa. Mama wa nyumba anataka tu kupunguza kiuno.

Ndipo akampigia mama yake simu.

Rahab ndiye aliyekuwa amemlea Abby tangu aache ziwa, wazazi wake wakienda vibarua. Kila asubuhi alimkatia kipande cha chapati ya kwanza, ile ya kujaribu chumvi, akakipuliza kipoe, akamtia mdomoni. Alifanya hivyo kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, na kumbe kipande hicho ndicho kilichokuwa kikimfurisha mtoto tumbo na kumkausha mikono. Hakuna aliyemlaumu. Lakini hakuna aliyemwambia, Mum, si makosa yako.

Rahab alizaliwa Mau Narok, katikati ya mashamba ya ngano ya watu. Marehemu mumewe aliendesha mashine ya kuvuna ngano mpaka siku alipokufa. Ngano ilimsomesha Kamande, na sasa meza ya chapati ndiyo inalipa nyumba mwezi ambao mjengo umelala, na miezi hiyo imekuwa mingi. Mtu kama huyo anaambiwa mjukuu wake akimbie ngano kama sumu ya panya.

Namalwa naye alikuja na gunia la wimbi na muhogo mkavu, na unga mwingine tayari. Akasonga ugali mweusi, akalaza kunde kwenye maziwa, akachemsha samaki wa moshi. Tumbo la Abby likashuka. Mashavu yakarudi. Rahab aliona yote hayo, akamshukuru Mungu kwa mdomo, na moyoni kitu kikabaki kimekwama kama mwiba wa samaki. Usiku mtoto alilala kwa Namalwa. Akiamka, jina la kwanza lilikuwa Kukhu.

Na sasa walikuwa wameamua. Kesho Namalwa angerudi Bungoma, na angeenda na Abby.

"Hapa unga unaruka kila mahali, Mum," Mercyline alimwambia, akiangalia pembeni. "Uko kwa vikombe, uko kwa blanketi. Na hatuwezi kukuambia uache kazi. Nyumba italipwa na nini?"

Rahab alisema sawa. Angesema nini.

Watu wa mjengo walipoondoka, Namalwa alimjia mezani.

"Mama Kamande, unga wa Abby niliokuja nao umeisha, na tunataka wa leo na wa njiani. Bega langu limekataa kubeba. Utanisaidia kupeleka kwa mashine?" Akampa mfuko wenye wimbi na muhogo, na kimfuko kingine cha mahindi. "Mwambie apitishe haya mahindi kwanza, yaoshe mashine. Unga huo awape kuku. Halafu ndio aweke yetu. Usisahau hapo."

"Mimi si mtoto, Mama Mercy."

"Najua. Nakukumbusha tu."

Rahab akafunika sufuria, akanawa, akaondoka na mizigo. Njia nzima alijiona kama mboch wa nyumba ya watu aliyetumwa dukani.

Pale kwa Odongo, msaga unga, kulikuwa na mashine mbili. Moja ilisaga mahindi meupe peke yake, na watu walilinda weupe wake kama madhabahu. Mtu akiweka hapo wimbi hata kikombe kimoja, ugali wa foleni nzima ungekuwa na madoa na Odongo angetukanwa wiki mbili. Ya pili ilisaga vingine vyote: wimbi, mtama, soya, ngano, mchanganyiko wa uji. Hiyo haikuwa na mlinzi. Unga wa ngano ukibaki ndani ya wimbi hauonekani, na kitu kisichoonekana hakuna mtu angepoteza mahindi yake kukiosha.

"Niaje, mathe," Odongo akasema, nyusi zake nyeupe kwa vumbi, akionyesha mashine ya pili. "Wewe ni wa huku kwa giza. Panga nyuma ya Peterson."

Peterson alikuwa na magunia. Alisagia shule unga wa uji.

"Ako na nini huyo?" Rahab akauliza.

"Mix. Wimbi, soya, ngano."

"Basi mimi nisagie kwa ya mahindi."

Foleni ya mahindi ikageuka yote. Mwanamke aliyeitwa Wangeci akavuta debe lake karibu na miguu. "Wimbi kwa hii? Mama, wewe leo umeamka vibaya."

"Kuna mtoto mgonjwa. Ngano inamuumiza."

"Ngano?" Wangeci akawaangalia wenzake. "Kwani mtoto ni wa Milimani?"

Wakacheka. Rahab hakucheka. Akamrudia Odongo. "Peterson akimaliza, pitisha haya mahindi uoshe, halafu uweke yangu."

"Kuosha ni stima, mathe, na umeona vile stima imepanda. Nikiwasha ni kazi. Lipa kama umesaga gorogoro mzima, nitakuoshea mpaka ing'are."

Kabla hajajibu, pikipiki ikasimama mlangoni. Akashuka afisa wa afya, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Akaangalia leseni ukutani. Akaangalia kona, kama kuna mavi ya panya. Odongo akampa mkono, na mikono yao ikakaa pamoja muda mrefu kidogo kuliko salamu. Mfuko wa unga mweupe ukafungwa nyuma ya pikipiki.

"Afisa," Rahab akasema, "hii mashine inasaga ngano na wimbi pamoja, haioshwi. Kuna watoto inawaumiza. Huwezi kumwambia aoshe?"

Kijana akamsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na dharau. "Mama, ngano si uchafu. Mimi natafuta uchafu." Akavaa helmeti.

Pesa ya kuosha Rahab alikuwa nayo, imefungwa kwenye pindo la leso. Ilikuwa pesa ya unga wa kesho. Akiitoa, kesho meza itakuwa tupu na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya meza tupu. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa, na ilikuwa sababu nzuri. Mtu yeyote angeielewa.

Lakini chini yake kulikuwa na nyingine, na aliijua. Akilini alimwona Namalwa amesonga ugali wake, Abby ameula, na tumbo limemkata. Kidogo tu. Mara moja tu. Wote waone kwamba hata mkono ule si wa malaika.

"Weka tu," akamwambia Odongo.

Nyumbani, yale mahindi aliyamimina kwenye debe lao. Namalwa akachovya vidole kwenye unga, akaunusa.

"Alipitisha mahindi?"

"Alipitisha."

"Mungu akubariki, mama. Hii kazi yako kesho nitaikumbuka nikiwa njiani."

Mchana Namalwa akasonga. Harufu ya wimbi ikajaa chumba, ugali ukageuzwa kwenye sinia, mweusi, laini, ukipumua. Abby alikaa mkekani, mikono ameshaosha, anameza mate.

"Mama Kamande," Namalwa akasema, "wewe ndiye mtu wa maombi hapa. Tuombee chakula."

Rahab alifunga macho. Katika ushirika wa kina mama yeye ndiye aliyeitwa kukiwa na mgonjwa, maana maombi yake yalikuwa marefu na hayakosi maneno. Sasa alitafuta neno moja akalikosa. Abby akafungua jicho kumchungulia.

"Asante kwa chakula. Amina."

"Leo Cucu amefanya haraka," Abby akasema, akamega tonge.

Rahab angeweza kuupiga ule mkono, tonge lianguke. Aliona likichovywa kwenye kunde. Aliona likiingia mdomoni. Akainuka, akasema jiko lake limezimika, akatoka nje.

Jua halijashuka vizuri mtoto akaanza kushika tumbo. Kisha akatapika, akatapika tena, mpaka yakabaki maji ya kijani. Tumbo likakaza kama ngoma. Namalwa akampakata, akamwimbia kwa Kibukusu, na Abby akalia kwa sauti nyembamba, vile alivyokuwa akilia zamani, kabla ya Namalwa kuja. Rahab alikuwa ameusahau mlio ule. Hakuwa amefikiria kwamba angeusikia tena; alikuwa amefikiria tu uso wa Namalwa.

Mercyline na Kamande walirudi wakakuta ndoo karibu na mkeka.

"Mama, umempa nini?" Mercyline akauliza.

"Ile ya kila siku."

"Ile ya kila siku haimfanyi hivi."

Namalwa akaangalia mikono yake. "Labda muhogo ulikuwa na ukungu. Sikuuangalia vizuri. Macho yangu, Mercy, siku hizi si mazuri."

Kamande alikaa kwenye kiti bila kuvua viatu vya saruji. "Sasa kama hata chakula cha Kukhu kinamuumiza, kumpeleka Bungoma ni kufanya nini? Huko usiku ukipata shida hospitali iko wapi? Akae hapa. Mum anamjua."

Mercyline akakubali kwa kichwa. "Akae."

Mum anamjua. Rahab alikuwa ameyangoja maneno hayo tangu gunia la wimbi liingie mlangoni. Yalikuwa yamekuja, na hakuna aliyemshuku.

Namalwa hakubisha. Alimlaza Abby polepole, akavuta begi la safari, akaanza kutoa nguo za mtoto. Gauni la Jumapili. Sweta. Soksi. Kila moja aliikunja upya, akaipiga kwa kiganja ikae sawa, akaiweka kitini, kama mtu anayerudisha vitu alivyoazima.

"Rudisha hizo nguo kwa begi," Rahab akasema.

Wote wakamwangalia.

"Muhogo hauna makosa. Mashine haikuoshwa. Ilikuwa imetoka kusaga ngano ya Peterson. Niliona, nikasema aweke tu."

"Ulisahau, Mum," Kamande akasema upesi. Alikuwa amemfungulia mlango wa kutokea.

"Sikusahau."

"Labda pesa ilikosekana."

"Pesa nilikuwa nayo. Ilikuwa ya unga, lakini nilikuwa nayo." Akashika ncha ya leso. "Nilimwonea wivu. Nilitaka aonekane mbaya siku moja, ndio mtoto abaki kwangu."

Ndoo ilinuka. Nje mtu alikuwa akiita mbwa. Mercyline akainuka. Alimwinua Abby na blanketi lake, akaingia naye chumba cha ndani, akafunga mlango taratibu sana ili usilie. Kamande akainama, akaanza kufungua kamba za viatu, akazifungua mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Mum, hata afisa wa afya angekuja pale kwa mashine, ungemwambia nini?" akasema hatimaye.

"Alikuja. Nilimwambia. Alisema ngano si uchafu."

Kamande akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akatoka na ndoo.

Wakabaki wanawake wawili. Rahab alingoja kutukanwa, na angeshukuru. Namalwa alikuwa akirudisha soksi ndani ya begi.

"Kwetu pia mashine ni moja," akasema, bila kumwangalia. "Ngano inapita hapohapo. Mwenye mashine hawezi kuiosha kwa sababu ya mtoto mmoja, hata nikilia. Ndio maana unga niliokuja nao niliusaga kwa jiwe, na huko itakuwa hivyo tena. Asubuhi nitasaga ya mchana, mchana nitasaga ya jioni. Unafikiri hili bega liliharibika na nini?"

"Hukutuambia."

"Ningewaambia mngeniachia mtoto?" Akafunga zipu, ikakwama, akaivuta tena. "Sikusamehe leo, Mama Kamande. Nitajaribu nikifika. Lakini nikuulize, wewe uliye na maombi. Bega hili likikataa kabisa, huyu mtoto atakula nini?"

Mfuko wa supamaketi ulimpita Rahab akilini, juu kule karibu na chakula cha mbwa, ukaenda zake.

Asubuhi Namalwa na Abby waliondoka na pikipiki ya kwenda steji. Mercyline alimleta Abby mlangoni akasema, "Muage Cucu," na Abby, uso bado umesinyaa, akapunga mkono kutoka kwenye mapaja ya Namalwa mpaka walipokata kona.

Rahab akawasha jiko. Watu wa mjengo walikuwa wameshafika, wakipiga kelele za chai, na mmoja akauliza kwa nini mathe leo amenyamaza hivyo. Akamkunjia chapati mbili. Akasukuma nyingine. Alikuwa akiliwaza lile jiwe la Bungoma, limekaa chini kando ya mlango wa jikoni, mtoto amechuchumaa mbele yake anaangalia wimbi likigeuka unga, asubuhi kwa asubuhi. Hakuwahi kuliona, na alilionea wivu.