Maneno Elfu Kumi na Moja

Respicius alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu pale Chimwaga, Dodoma, na imani yake ilikuwa kali kuliko ya mapadre waliomlea. Imani yenyewe ilikuwa programu huria: programu ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua, kuisoma, kuibadilisha na kumpa jirani. Nyingine hakuzigusa. Mchumba wake Evodia alipomwandikia barua ya mapenzi kwenye faili la programu ya kulipia, aliirudisha bila kuifungua na kumwomba aitume upya kwa maandishi ya kawaida. Evodia akamtumia maandishi ya kawaida kweli, mistari miwili, na uchumba ukaishia hapo.

Mwaka ulikuwa 2009. Nchini kila kitu kilishakuwa huria, kuanzia soko mpaka redio, kwa hiyo hakuna aliyemshangaa sana. Alianzisha mradi wa programu ya kukagua tahajia ya Kiswahili, maana wapiga chapa wa Dodoma walikuwa wanateseka. Ukiandika hotuba kwenye kompyuta, programu ya Kizungu ilipiga mistari myekundu chini ya kila neno, ukurasa ukaonekana kama mtu amechinjia kuku juu yake. Ukizubaa kidogo, "Mhe." inageuzwa kuwa "The".

Watu arobaini walijiunga naye kupitia tovuti ya kampuni moja ya ng'ambo iliyotoa nafasi bure. Mijadala yote ilifanyika humo, kwa majina ya kubuni, na wengi hawakuwahi kuonana. Maneno nayo yaliingizwa humo humo, moja moja, herufi kwa herufi kuanzia A, kwenye fomu ya tovuti.

Mwanaidi, binti wa Kondoa aliyekuwa mwaka wa pili, ndiye peke yake aliyeuliza.

"Kaka Respi, na hiyo tovuti yenyewe ni huria?"

"Hiyo si programu, dada. Hiyo ni huduma."

"Tofauti yake?"

"Programu unakuwa nayo. Huduma unaitumia tu."

"Kumbe maneno yetu hatunayo. Tunayatumia tu."

Respicius akamwambia asome falsafa kwanza ndipo wazungumze.

Isitoshe, alikuwa na vita nyingine. Mwanachama mmoja aliyejiita Nukta alishikilia kwamba "kwa hiyo" ni maneno mawili, basi. Respicius alitaka programu ikubali na "kwahiyo", kwa kuwa uhuru ni wa mwandishi. Walirushiana maneno miezi minane. Mwishowe Respicius aliandika, mbele ya wanachama wote: "Wewe bwana mdogo ni kikwazo cha maendeleo. Kamalize shule kwanza."

Walipofikisha maneno elfu kumi na moja, Jumanne moja asubuhi, tovuti ilikataa kufunguka. Mtambo wa kampuni ulikuwa umegundua kwamba karibu wanachama wote wanaingia kwa anwani moja ya intaneti. Kweli, chuo kizima kilipita kwenye anwani moja. Mtambo haukujua habari za Chimwaga. Uliamua kwamba arobaini hao ni tapeli mmoja mwenye majina mengi, ukafunga kila kitu.

Respicius alijaza fomu ya malalamiko. Fomu ikadai msimbo wa posta, namba ambayo Dodoma haikuwa nayo. Aliandika sanduku la posta, ikakataa. Akaandika mtaa, "Kikuyu, karibu na kanisa", ikakataa. Akabandika sufuri tano, ikakubali kwa furaha na kumjibu papo hapo: "Asante kwa maoni yako mazuri." Alituma nyingine sita. Akashukuriwa mara sita.

"Tuwaite wanachama," Mwanaidi alisema.

"Anwani zao zote zimo mle ndani."

"Basi tuandike karatasi tubandike."

Mtu aliyehubiri mtandao miaka miwili akazunguka na gundi, akibandika matangazo chuoni, kwenye vibanda vya intaneti mjini na mlangoni pa ofisi za serikali. Jumamosi walikuja kumi na tisa. Wawili waligundua kwamba wanalala chumba kimoja na wamekuwa wakibishana mtandaoni tangu Januari.

Wa mwisho kuingia alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na kitenge kilichopigwa pasi kikakaa. Nyuma yake dereva wa teksi alibeba makasha mawili ya karatasi.

"Shikamoo mama," Respicius alisema, akidhani amepotea njia.

"Marahaba. Naitwa Cecilia, nasimamia wapiga chapa ofisini kwetu mwaka wa ishirini na sita huu. Mtandaoni naitwa Nukta." Alimtazama toka viatu hadi nywele. "Nimemaliza shule, mwanangu."

Kuna kicheko cha watu kumi na wanane ambacho hakisahauliki. Respicius alitamani sakafu immeze.

"Mama, naomba radhi. Sikujua..."

"Ungejua ungeniamkia, lakini ungebaki mkosefu vilevile. Shusha makasha."

Kila Ijumaa tovuti ilikuwa ikiwatumia wanachama orodha ya maneno ya wiki. Wanafunzi walizifuta bila kusoma, maana visanduku vyao vya barua vilikuwa vidogo. Mama Cecilia hakuamini kitu asichoweza kukitia kalamu nyekundu. Alichapisha kila orodha, akasahihisha, akatoboa matundu, akafunga kwa kamba.

Respicius alipekua kurasa. Machozi yalimlengalenga, na kwa aibu akasingizia vumbi.

Walianza kuchapa upya siku ile ile, sasa kwenye kompyuta kuukuu aliyoiomba Mwanaidi kwa mhadhiri wake. Mwanaidi huyo huyo ndiye aliyeweka sheria mpya: kila mwisho wa mwezi, nakala nzima kwenye CD tatu, moja ipelekwe Kondoa kwa baba yake mdogo Abdulrahim, mwenye duka la vifaa vya shule. Hakuna aliyemwambia asome falsafa.

Kazi iliwachukua wiki tano. Siku ya kwanza Respicius alikaa kwenye kibodi, akidonoa kwa vidole viwili. Mama Cecilia alivumilia mpaka herufi B.

"Inuka, baba. Wewe soma, mimi nichape."

Akainuka. Akasoma. Walipofika herufi K, alisita kidogo, akakohoa.

"Kwa," alisema. "Nafasi. Hiyo."