Abdia wa Garsen

Mwaka uliofuata ile mvua ya El Nino, redio zote za Garsen zilikuwa zinamwita binti yangu.

"Abdia wa Garsen, kiu yangu waijua wewe." Vijana wanne, sauti tupu bila ngoma, nyororo kama za wale Wamarekani weusi wa muziki wa soul. Ulikuwa wimbo wao wa kwanza kutoka, na ulitoka kwa kishindo. Hoteli za chai zilikuwa nao, kinyozi alikuwa nao, hata makondakta waliuimba wakipakia mizigo.

Abdia wangu alikuwa ameposwa na Galma, mwana wa mzee Wario. Marehemu baba yake ndiye aliyemkubali Galma, na harusi ilikuwa baada ya Ramadhani. Katika ujane wangu nilikuwa namwomba Mungu jambo hilo tu, nimfikishe mtoto kwa mume aliyechaguliwa na babake.

Asubuhi moja Ruwaida, shangazi yake Galma, alikuja kwangu akakataa chai. Nikajua.

"Mama Abdia, hiyo kiu ni kiu gani?"

"Ni wimbo tu, dada. Mtoto hawajui hao vijana."

"Yeye hawajui, nao wamjua! Garsen ina Abdia wangapi wa kuimbiwa?"

Nilimuuliza Abdia nikimtazama machoni. Akaapa hawajui. Nikapanda basi mpaka Malindi kumtafuta mkubwa wa kundi, Kitsao, kijana wa Kigiriama aliyekulia hapa hapa Garsen. Nilimkuta amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

"Abdia ni nani?"

"Ni jerikeni, mama."

Nikadhani ananitania. Sisi wauza maziwa hupeleka maziwa Malindi kwa basi, na kila jerikeni huandikwa jina kwa rangi, ili likirudi tupu limfikie mwenyewe. Langu nililiandika jina la mtoto. Vijana wale walikuwa wakifanya mazoezi kituoni kwetu Garsen, mabasi yakingoja askari wa kuyasindikiza kwa hofu ya mashifta, majambazi wa barabarani. Wimbo wote walikuwa nao, ila jina la mpenzi.

"Tulijaribu Dama, tukajaribu Kabibi," akasema. "Hayakuvutika kwa sauti. Kisha tukaona jerikeni lako, rangi nyekundu. Mtu mwenyewe sijawahi kumwona, haki ya Mungu."

"Basi njoo uyaseme hayo mbele ya mzee Wario."

Akakuna shingo. "Mama, redioni waliniuliza Abdia ni nani. Nimewaambia ni mtu wa moyoni mwangu. Nikisema ni jerikeni nitachekwa, na wimbo utakufa."

"Na mwanangu je?"

Akavua miwani.

Lakini alikuja, siwezi kumnyima hilo. Alikaa mkekani mbele ya Wario na Galma, akaeleza yote, kituo, rangi, jerikeni. Wario alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umetoka Malindi kwa barabara hii ya mashifta, umeacha kazi yako, kwa ajili ya msichana usiyemjua?"

"Ndiyo, mzee."

"Mke wangu, mama Galma, nimeishi naye maisha yote. Safari kama hiyo sijamfanyia bado."

Watu wakacheka. Galma hakucheka. Aliinuka, akavaa viatu, akaenda zake.

Posa ilivunjika, ng'ombe wa mahari wakarudi kwa kina Galma kabla ya mfungo. Nilisema alhamdulillahi, kama nilivyofundishwa.

Siku hizi abiria wa mabasi yanayongoja askari hushuka kutafuta maziwa ya Abdia. Wanakunywa huku wanaimba. Yetu yanaisha wenzangu hawajafungua yao. Juzi nikachukua mchanga na kitambaa, nikaanza kulisugua lile jina. Abdia akaninyang'anya jerikeni.

"Liache, mama. Mume limeshanikosesha. Walau liuze maziwa."

Akalijaza, akajitwika, akashika njia ya kituoni. Kwa kinyozi, redio ilikuwa inamwita.