Kilo za Maji

Wifi yake fundi wa cherehani alikuwa mjuzi wa kila kitu isipokuwa mambo yake mwenyewe. Asubuhi ile alijipachika kwenye safari ya kliniki bila kualikwa, na walipokaa kwenye benchi akaanza kuwatangazia akina mama wengine jinsi Kidoti, mtoto wa fundi, alivyonawiri. Mtoto wa miaka minne, macho ya njano tangu uchanga kwa sababu ya ini, tumbo limetangulia mbele, na mtu mzima mwenye akili zake anaita hali hiyo kunawiri. Fundi alimeza hasira.

Muuguzi wa mizani alimpandisha Kidoti, akasoma, akatabasamu utadhani kilo zile kazipika yeye. Mtoto ameongezeka kilo moja na nusu kwa mwezi, alisema. Uzito umefika, kwa hiyo maziwa maalumu anayopewa hapa yanasimama leo, utaratibu ndivyo ulivyo. Kalamu tayari ilikuwa juu ya kadi. Fundi alijua wazi kwamba maziwa yale yakikatwa, atampoteza mwanawe.

"Dada, ngoja kwanza," alisema. "Mimi nashona. Gauni hili nimelitanua kiunoni mara mbili, na mikono nimeipunguza mara mbili. Mtoto gani hunenepa tumbo peke yake?"

Muuguzi alimjibu kwamba hapa hawapimi watu kwa cherehani. Wifi akacheka, tena akacheka upande wa muuguzi, maana popote penye sare yeye hujipendekeza.

Bahati nzuri daktari wa watoto alikuwa chumba cha pili, na masikio yake yalikuwa yanafanya kazi. Alikuja, akamwomba fundi utepe wake wa kupimia nguo, akamzungushia Kidoti mkononi juu ya kiwiko, akasoma mara mbili. Kisha akaligonga tumbo kwa vidole. Kilo zile, alisema, ni maji yaliyojaa tumboni. Nyama yenyewe imekwisha. Maziwa yanaendelea, na yataongezwa. Muuguzi alirekebisha kadi huku amenuna, kana kwamba maji yale yamemkosea adabu yeye.

Fundi angerudi nyumbani na ushindi wake. Lakini daktari aliuliza mtoto anakula nini, na wifi, ambaye alikwishahamia upande wa daktari, akajibu kwa fahari kwamba hapewi hata tone la mafuta. Ini halitaki mafuta, alisema, na yeye ndiye aliyeyapiga marufuku.

"Basi mnamshindisha njaa," daktari alisema taratibu. "Ini likiugua hivi, mafuta huingia mwilini kwa shida. Huyu anahitaji mengi kuliko wenzake, pamoja na vitamini zake. Nani anampikia?"

Ghafla wifi akawa na jambo la kutazama dirishani. Fundi alimtafutia tusi linalomfaa, akalipata, likamfia mdomoni. Miaka yote alimdharau mwanamke huyu kwa kila alilosema, na neno lake la kijinga kuliko yote ndilo alilolitii.

"Mimi," alisema. "Nampikia mimi."