Araceli Amezaa Usingizini

...na maapulo bado yanaelea kwenye maji ya sabuni na mikono yangu imo humo humo, na Mama amesimama nje ya dirisha la jikoni, theluji ya Aprili inamwangukia kwenye shali, na amesema Araceli amezaa, hilo nimelisikia vizuri, limepenya vioo viwili na kile kitambaa cha pazia alichojifunga mdomoni, amezaa, na mimi nimecheka, nimecheka kabisa, nikasema, "Mjinga huyu, kanitangulia," maana huyu mdogo wangu tangu utotoni hajawahi kukubali kuwa wa pili, hata chekechea alilia mpaka wakamruhusu aingie siku moja na mimi, kisha nimemtazama Mama nikaona macho yake juu ya kitambaa hayacheki, na kiganja chake kimeganda kwenye kioo, nikauliza, "Lini?" akasema jana, nikauliza, "Sasa mbona hakunipigia?" na Mama akasema neno ambalo upepo umelichukua, hapa Nebraska upepo huchukua kila kitu, akarudia, "Hajui," nikasema hajui nini, akasogea mpaka kitambaa kikagusa kioo, "Hajui kama amezaa, mwanangu. Amelala. Madaktari wamemlaza kwa dawa, wamemtia mpira kooni, mashine ndiyo inampumulia, ndipo wakampasua wakamtoa mtoto," na nimeyasikia maneno hayo yote, moja moja, na sijui yanahusu nini, nimeshika apulo moja na ninalisugua, ninalisugua, mashine inampumulia nani, Araceli ambaye juma lililopita nimemtumia picha ya miguu yangu ilivyovimba nikamwandikia tazama viazi hivi, hakujibu, na Mama akaniambia simu yake imeanguka kwenye maji, nikaamini, juma zima nimeamini simu imeanguka kwenye maji... "Ulinidanganya," nimesema, sijui kama kasikia, lakini naona kaelewa, "Mwenye mimba haambiwi mabaya," anasema Mama, "hata bibi yako angenikataza," anasema na mengine, midomo inatikisa kile kitambaa, naona maua ya pazia la zamani yakipanda na kushuka, pazia la chumba chetu, mimi na Araceli, tulipokuja huku tulilala kitanda kimoja na yeye usiku alikuwa akinibandika nyayo zake za barafu mgongoni, nikipiga kelele anasema, "Dada, wewe ni jiko, jiko halilalamiki," sasa nani anamfunika miguu huko, wanajua kwamba miguu yake haipati joto, kuna mtu amewaambia, hakuna mtu, hakuna anayeruhusiwa kuingia, amelala peke yake kati ya watu waliovaa mavazi ya plastiki na tumbo lake halipo, Mungu wangu, akiamka atashika tumbo na halipo... na mtoto, nimemsahau mtoto, "Mtoto je?" nimesema, nimepaza sauti mpaka kioo kikafanya ukungu, na Mama akanionyesha kwa mikono, hivi, kitu cha ukubwa wa mkate, "Wa kike. Mzima. Amepimwa, hana korona. Analia vizuri, muuguzi amenisikilizisha kwenye simu," na aliposema analia vizuri ndipo sauti yake ilipokatika, akageuka pembeni akakohoa.

Amekohoa. Nimelisikia, hata upepo haukulichukua hilo, na mkono wangu umetoka majini wenyewe ukashika komeo la dirisha kuhakikisha kwamba limefungwa, namfungia mama yangu mzazi, naye kaniona, amenitazama nikikaza komeo, akarudi nyuma hatua, akasema tu, "Supu nimeiacha kizingitini, ipashe mpaka ichemke kabisa. Sijui ina chumvi au haina. Sisikii ladha," na mwanamke huyu ndiye aliyekuwa akionja kwa kunusa tu, anapita jikoni kwa watu akasema umezidisha bizari na hajafunua sufuria, hasikii ladha, nimeelewa, ninaelewa polepole kama mtu anayesomewa kwa lugha ya kigeni, wote wawili basi, nyumba nzima ile, na Araceli aliipata wapi kama si kule kwenye kiwanda cha nyama, bega kwa bega, visu vikienda, na mimi nilikuwa palepale kwenye mstari uleule, mezani pake palepale, nikatoka Machi kwa sababu tumbo lilianza kugusa meza, tumbo tu, si akili, si bahati ya kuomba, ni tumbo langu kuwa kubwa kuliko lake, yeye lilikuwa limejificha, akasema, "Nitasukuma mpaka Mei," akanisukuma kwa nyonga, "wewe nenda kalale, mzee," na sasa mume wangu Fermín bado anakwenda kule kila alfajiri, akirudi anavua nguo nje kwenye baridi na kulala kwenye trela nyuma ya nyumba, tunaongea hivihivi, kwa kioo, mwezi huu sijagusa mtu, hata mkono wa mtu, nilidhani nikiosha kila apulo, nikiosha mfuko ulioleta maapulo, nikiosha bomba nililofungulia maji... nilidhani kuna mlango mmoja tu na mimi ndiye niliyeushika.

"Yadira," Mama anasema, na akiniita kwa jina badala ya mwanangu najua kuna jambo, "kesho wanamruhusu mtoto atoke hospitali. Wanataka mtu wa kumpokea. Mimi nimekatazwa kumgusa," na baba wa mtoto yuko Zacatecas, kule Meksiko, mpaka umefungwa, hilo hana haja ya kulisema, "wamesema asipopatikana ndugu watampa familia ya watu tusiowajua, kwa muda tu wamesema, kwa muda," na haniambii fanya hivi, haniombi hata, ananitazama tu, na neno liko tayari kinywani mwangu na neno hilo ni hapana, limekuja haraka kuliko pumzi, hapana, Mama, ametoka wodi ileile, mikono ileile imemshika, nguo, chupa, blanketi, na mimi nina wangu humu ndani amejipinda chini ya mbavu, bado majuma matatu, sijamkumbatia mume wangu kwa ajili ya huyu, nimekaza komeo mbele ya macho ya mama yangu kwa ajili ya huyu, kisha nifungue mlango nipokee... na ninamwona Araceli, simwiti, anakuja mwenyewe, sikukuu ya Wafalme, Januari, tunakata mkate wenye kisanamu cha mtoto Yesu ndani, anayekipata sharti awapikie watu wote tamale za unga wa mahindi Februari, na yeye kakipata, kakificha shavuni, anazungumza shavu limevimba kama mwenye jino bovu, Mama anamwuliza, "Una nini mdomoni?" anasema, "Thina kitu," tukacheka mpaka nikahisi mtoto ananipiga teke, na yeye akashika tumbo lake, akasema na wangu pia, na wangu pia anacheka, walicheka pamoja hawa wawili, siku moja, chumba kimoja, na sasa mmoja yuko nje kwenye kisanduku cha kioo anamlilia mtu aliyelala, analia vizuri amesema Mama, vizuri maana yake nini, analia vizuri anamwita nani... kifua kimeniuma, si moyo, kifua chenyewe, pande zote mbili, kama kimeshikwa na kukamuliwa, na nimetazama chini nikaona nguo imelowa, nikadhani ni maji ya maapulo, si maji, ni uvuguvugu, madoa mawili yanapanuka kwenye gauni, wangu hajazaliwa, wangu hajaomba chochote, basi haya ni ya nani, mwili umesikia nini ambacho mimi nimekataa kusikia, nimesimama hivi ninajitazama kama ninayemtazama mwanamke mwingine, na lile hapana bado liko mdomoni lakini halina uzito tena, limekuwa kama ganda.

"Jina," nimesema, sijui kwa nini hilo ndilo limetoka, "wamempa jina gani?" na Mama anatikisa kichwa, "Hana. Araceli hakumwambia mtu," ni kweli, hakumwambia mtu, nilimbembeleza miezi mingapi, akasema nikikwambia utaliiba umpe wako, sasa jina analo yeye, liko naye huko chini alikolala, na dunia nzima hakuna mwingine anayelijua, basi hatutampa jingine, hapana, atakuja hapa tutamwita binti, tutamwita kichuna, tutamwita wewe, lakini jina hatumpi, mama yake ana deni la kuamka alitaje mwenyewe, na asipoamka... akiamka, nimesema akiamka... kitanda cha mtoto kiko chumbani karibu na dirisha, kikisogezwa ukutani patabaki nafasi, na Fermín atalala trela zaidi, na blanketi nitachemsha, nitachemsha kila kitu, nitavaa barakoa hata nikimnyonyesha, nitaogopa, nitaogopa kila saa, sawa, mtu anaweza kuogopa na mikono ikafanya kazi, Mama bado amesimama nje, theluji imemjaa kwenye nyusi, ameurudisha mkono kwenye kioo na anauliza, "Yadira, umenisikia?" na mimi sijajibu bado, komeo bado limekazwa, lakini kichwani nimeshashika upande mmoja wa kitanda na ninakivuta.