Kompyuta Iliyochomolewa

Mume alikuwa fundi friji, mke fundi cherehani, na chumba cha mbele walikigawana: vitambaa upande wa dirishani, kompyuta kuukuu upande wa mlangoni. Kompyuta hiyo haikuingiza hata senti. Kazi yake ilikuwa kupokea kipande cha hesabu kutoka kwa wataalamu wa nyota, kukikokotoa mpaka kiishe, kurudisha jibu na kupokea kingine. Maelfu ya watu duniani walizitoa kompyuta zao hivyo hivyo, kwa kujitolea. Wateja walimwita mume Mnajimu na kumwomba awatazamie bahati. Naye aliwajibu kwamba bahati yao ni kushonewa na mke wake.

Mke alikuwa ameisikia habari ya hesabu hizo mpaka akaijua kichwani. Kuna nyota zilizokufa, nzito kuliko jua, lakini upana wake hauzidi mji mmoja. Zinajizungusha mara nyingi kwa sekunde huku zikimulika kama tochi. Darubini iliyoko angani hunasa miale yake ya gamma, ila kwa kudonadona mno, chembe moja ya mwanga sasa, nyingine baadaye sana. Kujua kama chembe hizo zinafuata mpigo, lazima ujaribu mpigo mmoja, uukatae, ujaribu mwingine, mara zisizohesabika. Ndiyo maana kazi inakatwakatwa na kugawiwa watu.

"Yaani unamshonea mtu suti hujampima," mke alimwambia siku moja.

"Hata kumwona sijamwona!" mume akajibu, akacheka kwa raha.

Mke alimtania sana, lakini moyoni alimvulia kofia. Ni nani mwingine angeifuta feni ya kompyuta vumbi kila asubuhi, miaka nenda miaka rudi, kwa ajili ya kitu ambacho hatakitia machoni?

Kisha zikaja sare za shule. Mume alikuwa amesafiri kutengeneza mafriji ya hospitali, na soketi nzima chumbani ilikuwa moja tu. Mke akaichomoa kompyuta ili achomeke pasi, kwa nia ya kuirudisha baada ya saa moja. Kazi ikamzidi, akasahau kabisa. Aliikumbuka siku mume anarudi, akaichomeka mbiombio. Mume alipoketi kuitazama, alikuta kipande chake kimefutwa kwa kuchelewa na kupewa mtu mwingine. Akawalaani watu wa umeme. Mke akainamia cherehani yake, akamwacha aamini hivyo.

Miezi ikapita. Ndipo watafiti wakatangaza kwamba wamepata pulsa mpya, yaani moja ya zile nyota zilizokufa, na kwamba ilijificha katika vipande vya majuma yale yale.

"Kilikuwa changu kile," mume alisema, akaisukuma chai yake pembeni. "Miaka yote sijachelewa. Siku nachelewa, nyota inapita."

Akaacha kuifuta feni. Jumapili moja akasema mwisho wa mwezi ataizima kompyuta moja kwa moja, uzee umefika. Mke alijisikia mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Alasiri iliyofuata simu ya video ikaita. Alikuwa mtafiti, binti wa umri wa mtoto wao wa kwanza. Wakakaa wote wawili kwenye benchi la wateja.

"Shikamooni. Mzee, nakupigia kuhusu ile pulsa..."

"Mwanangu, samahani," mke akamkatiza. "Umeme haukukatika. Mimi ndiye niliyeichomoa kompyuta. Mume wangu hana kosa."

Mume akageuka polepole, akamtazama.

"Mama, kipande kile kilichochelewa?" mtafiti aliuliza. "Aliyepewa hakukuta kitu. Lakini mlipochomeka tena, kompyuta yenu ilikuwa haina kazi, ikapewa kipande kilichokuwa mbele kwenye foleni. Nyota ilikuwa humo. Kila kipande tunawapa watu wawili wasiojuana, na majibu yakilingana ndipo tunaamini. Mmoja ni muuguzi, yuko mbali sana na hapo kwenu. Mwingine ni wewe, Mzee. Nataka ruhusa ya kuandika jina lako kwenye makala ya ugunduzi."

Feni iliyojaa vumbi ililalamika mlangoni.

"Na kama asingechomoa?" mume aliuliza.

"Kingekwenda kwa mwingine."

Mume alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hayakuwa ya kicheko peke yake. Akatoa ruhusa, akaaga, akaiweka simu chini.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona nimekunyima kitu ulichokisubiri maisha yako yote. Ningeanzia wapi?"

Mume akaushika mkono wa mkewe, wenye alama za sindano kila kidole.

"Watoto wa watu walikuwa wanasubiri sare," alisema. "Ungeniambia, mke wangu, ningekwambia chomoa."