Shimo Nyuma ya Fungu la Mchanga

Anketil alikuwa jemadari wa merikebu zote za mfalme wa Sisilia, na wivu ulikuwa ukimla. Mfalme, kule Palermo, alikuwa amempa Serlo bendera ya vita. Serlo huyuhuyu, mtoto wa dada yake, aliyemlea mwenyewe na kumfundisha kukaa juu ya tandiko. Na Wanormani, watu wa mfalme huyo, wana desturi yao: mwenye bendera hutoka merikebuni kwanza, juu ya farasi, na mji ambao farasi wake ametangulia kukanyaga ufukwe wake huwa mali yake. Anketil amezeekea baharini, halafu mji apewe kijana ambaye mpaka leo bahari ikichafuka kidogo anatapika.

Siku moja kabla ya kushuka pwani, Anketil alikwenda na mashua ndogo kuupima ufukwe wa mji wa kisiwani waliokusudia kuuteka. Mbele palikuwa na fungu la mchanga, maji ya magotini. Lakini kati ya fungu na nchi kavu palikuwa na shimo. Alizamisha mkuki wake wote na haukugusa chini. Mtu mwenye deraya ya chuma akitumbukia humo haibuki tena.

Alijiambia atamweleza Serlo wakishakula. Wakala samaki wa chumvi, wakanywa divai, Serlo akawachekesha wapiga makasia mpaka wakashika mbavu. Anketil alimtazama anavyopendwa, akaenda kulala bila kumwambia habari za shimo.

Asubuhi merikebu ya farasi ilirudi kinyumenyume hadi tezi, sehemu yake ya nyuma, ikakwaruza lile fungu la mchanga. Mlango wa tezini ukashushwa. Serlo alikuwa tayari juu ya farasi, bendera mkononi, na wenzake wamejipanga nyuma yake. Anketil akageuza uso.

"Mjomba," Serlo akaita, akiteremka. "Njoo upande."

"Nipande nini?"

"Farasi wangu. Bendera hii niliiomba kwa mfalme makusudi, nisije nikaona anapewa mmoja wa wale wanaomlamba miguu. Sasa ni yangu, nampa nimtakaye. Mji huu ni wako, mzee wangu. Au unaogopa kulowa?"

Wapanda farasi wakacheka, wakagonga ngao zao. Anketil akashika hatamu. Angeweza kusema mgongo unamuuma, kijana akapanda tena akaenda zake shimoni. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni.

"Msitoke," akasema. "Nyuma ya fungu kuna shimo, hata mkuki haugusi chini. Tuzunguke upande wa mashariki."

Kicheko kikakatika. Serlo akamsogelea, akanong'ona, "Umelijua lini?"

"Jana."

Kijana akamtazama, rangi imemtoka. Kisha akawageukia wenzake akapaza sauti.

"Mmesikia? Mjomba ameliona shimo ambalo sisi wote hatukuliona. Bila yeye, sasa hivi tungekuwa chakula cha samaki. Mshukuruni."

Wakamshangilia Anketil, wakimpigapiga mabegani. Aibu ilimchoma, akatamani kulia. Lakini chini ya aibu ile alikisikia kitu kingine anachokijua vizuri. Kijana amemzidi hata kwa wema wa roho, na kwa hilo alimwonea wivu kuliko alivyomwonea kwa ajili ya mji.