Kochi Lililokuja na Mwenyewe

Kitendawili. Sema tega, nami nakutega: ana miguu minne na hajui kutembea, lakini msiba ukiingia nyumbani, yeye ndiye wa kwanza kutoka. Usiharakishe kujibu. Wala usinipe mji. Miji nimepewa mingi tangu utotoni na sijapata hata mmoja wa kulala. Kaa nacho tu, usikilize kwanza habari ya Mama Mashuka, huenda jibu likaja lenyewe.

Mama Mashuka alikuwa mtandika vitanda hotelini, na jina hilo alilipata huko, likamfuata hadi uzeeni. Kazi ile ilikuwa na sharti moja kubwa: mtandikaji hakai. Ruhusa unayo ya kupiga pasi pazia, kung'arisha kioo, kupanga mito ya kochi ikatulia kama imechorwa. Lakini ukikutwa umekalia hata ncha ya kiti cha mgeni, kazi huna. Alipostaafu, magoti yake yalikuwa yakilia kama bawaba kavu. Kiinua mgongo alichopewa kilimwinua kidogo tu, kikaishia kwenye paa la nyumba yake mwenyewe, vyumba viwili na sebule, aliyokuwa akiijenga kila alipopata saruji.

Ndani ya kifuniko cha sanduku lake la bati alibandika picha alizochana kwenye magazeti na kalenda zilizoachwa na wageni. Pazia la njano linaloshuka hadi sakafuni. Meza ndogo ya duara chini ya dirisha. Kochi la watu watatu lenye mikono ya mbao. Jirani akimwuliza sebule ataipamba vipi, yeye hakueleza, alifungua sanduku. Ukuta alishaupaka rangi ya chai iliyokolea maziwa, na pazia alishashona kwa mkono. Kilichobaki ni kitu cha kukalia. Kwa wakati ule alikalia ndoo ya plastiki aliyoifudikiza, ndoo ileile aliyotoka nayo kwa marehemu mumewe.

Maana mumewe alipofariki, Mama Mashuka akiwa bado kijana, shemeji yake alifika na lori kabla hata viti vya kuazima vya msibani havijarudishwa. Shemeji huyo ndiye anayesimamia mirathi ya ukoo mzima, na watu wamezoea kumwita Msimamizi kama ndilo jina alilozaliwa nalo. Alibeba kila kitu, hadi kibao cha kukatia vitunguu. Mama Mashuka akatoka na ndoo. Hakugombana na mtu. Tangu hapo ukoo haujaacha kumsifu: yule mwanamke alitoka kwa heshima, hakushika kitu. Wamemsifu harusini, wamemsifu vikaoni, wasichana wakiolewa wanaambiwa wamwige. Katika mali yote ya ndoa yake, hizo sifa ndizo fungu alilogawiwa.

Basi akaenda yadi ya samani zilizotumika, nyuma ya karakana ya mageti. Mwenye yadi anaitwa Nusubei, na ukimwuliza nusu ya bei gani, anacheka. Biashara ya pale ina namna yake. Kila kitu kimefunikwa turubai, na mteja huonyeshwa mkono na mguu wa kochi, basi. Akiridhika, linafungwa kamba na turubai lake na kupakiwa. Mama Mashuka akaonyeshwa mkono wa mbao uliong'aa kwa kushikwa. Ulikuwa ule wa kwenye picha. Akaridhika.

Wenye mkokoteni walilalamika njia nzima. Walisema kochi la watu watatu wanalijua uzito wake, na hili limezidi. Walipolishusha wakadai nyongeza, wakaondoka wakijinyoosha viuno.

Mama Mashuka akafungua kamba, akavuta turubai. Katikati ya kochi alikaa mwanamke wa makamo, amevaa gauni la nyumbani, mkononi sindano ya kufumia na kitambaa cha kochi kilichofika nusu.

"Niwie radhi," yule mwanamke alisema. "Sikuweza kupiga hodi, nimeingia nimefunikwa."

Mama Mashuka akamkaribisha, maana mtu akishaingia ndani ameshakuwa mgeni. Akampa maji. Yeye mwenyewe akaikalia ndoo, wakatazamana.

"Siku waliyokuja kutoa vitu vya marehemu nilikaa hapa, nikasema siinuki," mwanamke akaendelea. "Basi wakanibeba nalo."

"Na kwenu hawakutafuti?"

"Wanitafutie nini? Mwingine wangu wanaye. Yuko kwa dada yake, nasikia anafulia watu. Huyo ndiye aliyenyamaza akaenda. Mimi ndiye niliyekataa." Akafuma kidogo, akavuta uzi. "Na wewe mwenzangu? Wa kwako alishika nini?"

Mama Mashuka akajibu kwamba yeye hakushika kitu, alitoka kwa heshima. Kisha akauliza kama njano ile ya pazia haikuzidi ukali. Mwanamke akasema njano imekaa vizuri, ila pazia la kushoto limepungua urefu wa kidole. Kuhusu lile swali, akasema hana haraka.

Kesho yake Mama Mashuka alikwenda kwa Nusubei kumweleza kwamba kochi limekuja na mtu. Nusubei hakuacha kupiga msumari aliokuwa akiupiga. Alisema anajua, mengi ya msibani huja hivyo. Mwezi uliopita aliuza meza ya kulia yenye mama na kichanga mgongoni, na mnunuzi hakulalamika, aliongeza kiti tu. Wengine huwatandikia shuka juu. Wengine husogeza televisheni mbele yao, na baada ya wiki hawawaoni tena. Kitanda ndicho kigumu kidogo kuuza, akasema, ila vijana wanaoanza maisha hawachagui.

"Ukitaka nikupunguzie bei kwa ajili yake, haiwezekani," alimalizia. "Yeye hakuhesabiwa."

Akaenda ofisi ya mtaa. Karani alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza watoto. Alisema sheria ya kumlinda mjane ipo, tena nzuri sana, imebandikwa pale ukutani kwenye fremu. Mama Mashuka akaitazama, akakiri fremu ni nzuri, ya mbao, ingependeza hata sebuleni. Lakini mlalamikaji, karani akasema, lazima afike mwenyewe. Mama Mashuka akaeleza kwamba mlalamikaji hawezi kuinuka, akiinuka tu kochi si lake tena. Karani akasema anaelewa kabisa, anasikitika, afike mwenyewe.

Kwa hiyo walimpeleka. Wenye mkokoteni walewale wakaitwa, wakalalamika, wakalibeba kochi na mwenyewe juu yake, akiwa amejifunga mtandio na kushika kitambaa chake, akiwaitikia watu salamu njiani. Walipofika ofisini, karani alitoka hadi ngazini akawazuia. Samani za kutoka nje haziruhusiwi kuingia ofisini, akasema, utaratibu haukuanza leo. Wakalirudisha. Kurudi ni mlima, na wenye mkokoteni wakadai nyongeza nyingine.

"Angalau nimeona barabara," mwanamke alisema walipoliweka chini ya dirisha.

Majirani walimzoea upesi, wakamwita Mwenye Vitambaa. Aligeuka kuwa mtu mwenye jicho la nyumba. Bila kuinuka, alisema meza ya duara isogezwe kushoto, ikasogezwa, na sebule ikapanuka. Alisema kioo kitazame dirisha, mwanga uingie mara mbili. Alifuma vitambaa vya meza, vya redio, na cha kufunika mtungi. Sebule ikafanana na kifuniko cha sanduku hata Mama Mashuka akawa anafungua na kufunga sanduku kulinganisha. Neno moja tu lilibaki. Yeye mwenyewe aliendelea kukalia ndoo. Nafasi ilikuwepo kulia na nafasi ilikuwepo kushoto, lakini kila alipotaka kukaa, magoti yalikataa kukunjika. Kochi hilo Mwenye Vitambaa alinyang'anywa. Kumkalia pembeni kama aliyelinunua kihalali, aliona ni kumnyang'anya mara ya pili.

"Kaa," Mwenye Vitambaa alimwambia siku moja. "Mimi sikukatazi."

"Nitakaa."

"Lini?"

Akasema ana maharage jikoni.

Ilikuwa ni fremu ya karani iliyomrudisha kwa Nusubei. Alitaka ya namna ile aweke picha zake za sandukuni. Alipokuwa akipekua nyuma ya yadi, upepo ukapeperusha ncha ya turubai moja, akaona mguu wa kabati la vyombo, na karibu na mguu ule kioo chenye ufa ulioshikwa na ua la karatasi. Gundi ya ua lile alikuwa ameipika mwenyewe kwa unga, mwaka wa kwanza wa ndoa.

Akavuta turubai. Ubavuni mwa kabati alisimama mwanamke kijana, kanga imekazwa kiunoni, amelikumbatia kabati kwa mikono yote miwili, vidole vimeingia kwenye nakshi. Uso wake ulikuwa bado haujafundishwa kunyamaza. Mama Mashuka akamtazama shingo, akamtazama kovu la pasi kwenye kiwiko, akalishika la kwake.

"Hilo limeletwa mwaka huu, ila halitoki," Nusubei alisema. "Mlango mmoja haufunguki, mkono wake umepita hapo. Mnafanana naye. Ni mdogo wako?"

"Ndiye mkubwa," Mama Mashuka akajibu.

Nusubei akamtajia bei. Akanunua kabati lake.

Liliposimamishwa sebuleni, lilikaa mahali pake kana kwamba ukuta ulijengwa kulisubiri. Mwenye Vitambaa alimtazama yule kijana, akamtazama mwenye nyumba, akainamisha macho.  Alianza kitambaa kipya, kirefu, cha rafu za kabati. Na Mama Mashuka akakalia ndoo yake. Kila asubuhi alimfuta vumbi yule kijana kwa kitambaa laini, akimpitia usoni taratibu, na kijana hakuacha kulikumbatia kabati wala hakumtazama.

Habari za sebule zilimfikia Msimamizi. Akaja mchana mmoja kuona nyumba ya shemeji yake. Lori alilisimamisha mlangoni na halikuzimwa, alikuwa njiani, na moshi wake uliingia kwenye pazia la njano. Alileta zawadi, saa ya ukutani. Mama Mashuka alipoigeuza atafute pa kuitundikia, aliona vidole vitatu vimeikamata kwa nyuma, vya mtu ambaye hakupata nafasi ya kushika vizuri. Akailaza mezani, uso chini, vidole vikapata hewa.

Msimamizi alimwamkia mwenye nyumba, akaketi mwisho wa kochi upande wa kulia, akavua kofia na kuiweka mapajani mwa Mwenye Vitambaa. Akaletewa chai. Akaongeza sukari, akasema nyumba imependeza, ni kweli mwanamke anajua nyumba, ila pazia angeweka la maziwa, njano huonyesha vumbi. Kisha macho yakatua kwenye kabati.

"Kumbe kabati letu liko hapa. Mke wangu alilichoka," akasema. "Wanangu wamekua wakitoa vikombe kwa kupitisha mkono chini ya kwapa la huyu. Hana matata hata kidogo."

Akanywa chai. Akasema ana ombi. Nyumba wanayokwenda sasa hivi ni ya binamu waliyemzika juzi, na mjane wake ana kichwa kigumu, tangu jana amelikumbatia jokofu. Kumbeba mtu na jokofu ni taabu kwa vijana wake, wanaumia migongo. Ingekuwa vyema shemeji afuatane nao, aongee naye kwa lugha ya wanawake, amweleze jinsi yeye alivyotoka kwa heshima, bila kushika kitu, na leo Mungu amempa nyumba yake.

 Nje lori likapiga honi.

Msimamizi akamaliza chai, akaokota kofia yake mapajani mwa mwenye kochi, akasimama. Akasema aje au asije, vitu vile vinatoka leo, yeye alitaka tu kumpunguzia yule mjane aibu. Akakung'uta kofia, akaivaa.

Mwenye Vitambaa akachomeka sindano kwenye uzi.

"Mwenzangu," akasema, "nilikuuliza. Wa kwako alishika nini?"

Mama Mashuka akainuka kwenye ndoo. Akaisimamisha wima kwa mguu, akapita mbele ya shemeji yake bila kumpisha, akafika kwenye kochi, upande wa kushoto. Magoti yakalia, yakakunjika. Akakaa. Akaegemea, akaweka mkono juu ya mkono wa mbao, mahali palipong'aa.

"Kabati," akajibu. "Alishika kabati, na wewe shemeji ndiye uliyemfungua vidole, kimoja kimoja, ukashindwa."